Kichwa cha Limi

Kila Jumapili asubuhi, mgeni aliyepita mbele ya duka la marehemu Champaklal pale Geita aliamini kwamba ndani kuna mtoto anauawa. Kilio kilianzia uani, kikapita katikati ya majora ya vitambaa na magunia ya chumvi, kikatokea barazani na kuvuka barabara. Wageni walisimama kusikiliza. Wenyeji walipita zao, maana walijua hakuna anayepigwa. Mama Ramesh alikuwa anamchana mjukuu wake.

Mama Ramesh jina lake hasa lilikuwa Champaben. Aliingia Geita akiwa bibi harusi, enzi za ule mgodi wa dhahabu wa wakoloni. Mgodi ulipofungwa na wenye maduka wengi wakahamia Mwanza, yeye na mumewe walibaki, kwa sababu Champaklal alikuwa mtu mzito wa kuhama hata kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Kiswahili chake alijifunzia kaunta, kutoka kwa wakulima wa pamba, kwa hiyo kilikuja na Kisukuma ndani yake. Akikasirika, Kigujarati nacho kilijiunga, na hapo mteja mwenye akili alichukua mzigo wake akaondoka.

Kuhusu nywele alikuwa na sheria moja tu. Paka mafuta ya nazi, weka kitana kwenye shina, vuta mpaka ncha, suka msuko mmoja mgongoni. Sheria hiyo ilimfaa mama yake, ikamfaa na yeye, na mpaka uzeeni msuko wake mwenyewe ulimfika kiunoni. Kwenye kichwa cha Limi sheria hiyo ilikwama palepale kitana kilipogusa nywele. Meno ya kitana yalivunjika. Mtoto alilia, bibi naye akalia kimoyomoyo, na wakimaliza, nywele zilikuwa zimetimka kuliko zilipoanza.

"Nywele zako zina kiburi, Limi," alimwambia.

"Si mimi, Ba," Limi alijibu huku anafuta kamasi. Ba ndivyo alivyomwita bibi yake huyo. "Ni zenyewe."

Limi alikuwa mtoto wa Ramesh, mwana wa pekee wa Champaben, dereva wa lori la marobota ya pamba, mtu wa kulala Mwanza leo na kesho Shinyanga. Mama yake Limi, Philomena, alikuwa binti wa Nkome, kule ziwani. Homa ilimchukua Philomena wakati mtoto ndiyo kwanza anasimama dede. Walimzika Nkome, ndugu wote wakanyoa vichwa kama ilivyo desturi, na Limi naye akanyolewa. Siku ya kuanua matanga, mabibi wawili walikaa uso kwa uso juu ya mkeka. Champaben aliomba akae na mtoto, maana mjini kuna kliniki na shule. Mama wa marehemu, ambaye watu wote walimwita Ng'wana Maige, yaani binti wa Maige, alimvuta mtoto akampakata kwanza.

"Akae kwako," alisema. "Mimi nitakuwa nakuja kumwona kila tukishauza pamba. Nikimkuta katunzwa, atabaki. Nikimkuta katupwa, naondoka naye, na wewe mayu, mama mwenzangu, hutanizuia."

Champaben alikubali mbele ya watu wote. Alidhani kutunzwa ni chakula, viatu na dawa ya malaria. Hakujua kwamba wanawake wa pwani ile ya ziwa wakitaka kujua kama mtoto ana mtu, hutazama kichwa kwanza. Mtoto anaweza kuwa peku, gauni lake likawa na kiraka juu ya kiraka, wala hakuna atakayenong'ona. Lakini mtoto mwenye nywele zilizosongamana hana mama, basi.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu nywele zilikuwa bado fupi. Ng'wana Maige alikuja, akapitisha kiganja kichwani, akala, akarudi kwao. Mwaka wa pili nywele zilikuwa zimeota sawasawa, na ndipo vilio vya Jumapili vilipoanza.

Pale barazani kwa Champaben alikaa msusi mmoja, Mwanaima, mwanamke wa Ujiji mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikaa hapo kwa hisani ya marehemu Champaklal, na vilio alivisikia kuliko mtu yeyote.

"Mama Ramesh, nipe huyo mtoto nimshughulikie," alisema siku moja.

"Mjukuu wangu nitamchana mwenyewe."

Kilikuwa kiburi, nacho kilitoka kwa bibi, wala si kwenye nywele. Champaben aliogopa watu wasije wakasema kwamba Mhindi kashindwa kulea mtoto wa Philomena mpaka kaajiri. Mwanaima alifyonza, akaendelea na kichwa alichokuwa nacho mapajani.

Msimu wa pamba ulipokaribia, Champaben alianza kukosa usingizi. Mume hakuwepo, mwana alikuwa wa barabarani, na nyumba ile yote ilichangamka kwa sauti moja tu, ya Limi akiuza vifungo kwa wateja wa kufikirika chini ya kaunta. Limi akiondoka, yeye atabaki na majora. Alimtazama mtoto na lile songo la nywele kichwani, akaona kabisa mkono wa Ng'wana Maige ukiingia humo na kunasa.

Ndipo akakumbuka kwao. Kwao mtoto mchanga hunyolewa kwa sala nywele alizotoka nazo tumboni, na kila shangazi atakuapia kwamba zinazofuata huja nzito na zimenyooka. Limi hakuwahi kufanyiwa hivyo. Kweli alinyolewa Nkome, lakini ule ulikuwa wembe wa msiba. Nywele zilizoitwa kwa kilio zingeotaje kama si kwa kujikunja kwa huzuni? Champaben aliligeuza wazo hilo huku na huku, akaliona halina tundu hata moja. Mwanaima angeweza kumtobolea matundu mengi, lakini alikuwa amekwenda Kigoma kumwoza mdogo wake.

Basi akamwita Cornel kinyozi. Aliwasha ubani, akasema sala alizokumbuka, na Cornel, ambaye hakuulizwa maoni yake wala hakuyatoa, akanyoa kichwa mpaka kikang'aa. Champaben akakipaka manjano yaliyokorogwa kwa maziwa. Limi alifurahi kuliko wote. Kitana kilikuwa kimekwisha duniani.

Siku zilizofuata wateja walikuwa na tabia ngeni. Waliingia polepole, wakasalimia kwa sauti ya chini, wakamtazama mtoto, wakamtazama bibi aliyevaa sari nyeupe, wakanunua kiberiti na kuondoka bila kubishania bei. Sari nyeupe alikuwa anavaa tangu mumewe afariki, lakini mtu akishaanza kuona jambo huliona mpaka kwenye nguo. Champaben aliona watu wamekuwa waungwana tu mwaka huu, akashukuru.

Donatus, mchuuzi wa dagaa wa Nkome, alipita siku hizo na baiskeli yake. Akaona kichwa cha mtoto. Akatazama uani, lori la Ramesh halipo. Hakuuliza kitu, maana mtu mstaarabu haulizi mfiwa. Alipanda baiskeli akaenda zake, na kadiri alivyokaribia ziwa ndivyo habari ilivyozidi kuwa kamili, mpaka anafika Nkome lori lilikuwa limekwisha kupinduka.

Champaben alikuwa anapima kitambaa cha shuka aliposikia kilio. Hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa cha wanawake wengi, kinatokea upande wa stendi, kinakuja. Akatoka barazani. Mbele alikuwepo Ng'wana Maige, khanga imefungwa kiunoni, mikono kichwani, na nyuma yake wanawake wa Nkome wenye kuku, unga na mikeka. Walikuja mpaka kwake. Ng'wana Maige akamkumbatia, akamlilia shingoni.

"Mwanao, mayu! Mwanao tuliyempa binti yetu!"

Tangu Ramesh aliposhika usukani Champaben alikuwa anausubiri ujumbe huu, na sasa ulikuwa umefika na kuku na mikeka. Hakuuliza. Alianguka pale pale barazani, akalia kilio ambacho hata waliokuja kulia naye walinyamaza kukisikiliza. Majirani wakafunga maduka. Cornel akaja na viti.

Ni Limi aliyeharibu msiba. Alitoka chini ya kaunta, akasimama katikati ya wanawake, akauliza, "Nani kafa?"

"Baba yako, mama," mmoja akamwambia kwa upole.

"Baba yuko jineri, anapakia pamba. Kapita asubuhi, kanipa peremende." Akafungua kiganja, na peremende ilikuwamo, imeshalambwa nusu.

Champaben alinyanyua uso. Kwa kweli Ramesh alikuwa amepita alfajiri, akanywa chai, akaenda kupakia. Hofu ilikuwa imefuta chai yote kichwani mwake. Akamshika Ng'wana Maige mabega.

"Nani kawaambia Ramesh kafa?"

"Donatus wa dagaa."

"Donatus kaambiwa na nani?"

Ng'wana Maige aliweka kiganja juu ya kipara cha Limi. Wanawake wote wakakitazama kipara kile, na Champaben naye akakitazama, na hapo ndipo alipoelewa wateja waungwana, kiberiti, na sauti za chini.

Jioni lori liliingia na Ramesh akashuka mzima, akakuta wanawake wa Nkome wanapika uani kwake. Mama mkwe wake alimshika mkono wa juu, akamfinya kwa nguvu, akamfinya tena kuhakikisha, ndipo akamwamkua. Watu walicheka usiku ule, na wale kuku wakaliwa kwa furaha. Lakini Ng'wana Maige hakucheka. Asubuhi alimwita Champaben pembeni, na miguuni pake palikuwa na kapu tupu. Lilikuwa kapu la kubebea nguo za mtoto.

"Umemnyoa mtoto ambaye baba yake yu hai," alisema. "Unaita nini nyumbani kwako? Nieleze, maana mimi sikuelewi."

Champaben angeweza kueleza habari za sala na manjano. Badala yake maneno mengine yalimtoka, na yalitoka na machozi.

"Nilishindwa, mayu. Nimeshindwa nywele zake. Namuumiza kila Jumapili. Nikaona nikizitoa zitarudi kama zangu, nitazijua. Niliogopa utakuja, utaona, utamchukua."

Ng'wana Maige akamwita Limi, akamgeuza kwenye mwanga, akamshika Champaben kidole na kukipitisha juu ya kichwa kile. Nywele zilikuwa zimeshaanza kuchomoza. Vilikuwa vipele vidogo, kila kimoja kimejikunja kama kichwa cha pini.

"Umesikia? Zimerudi vilevile. Hata ukizinyoa mpaka azeeke, zitarudi vilevile. Hizi ni zake." Aliliokota lile kapu. "Nakupa mpaka pamba ya mwakani. Nitakuja. Nikikuta kichwa hiki kimesukwa kwa mikono yako wewe, si ya msusi, atabaki. La sivyo, kapu hili halirudi tupu."

Mwanaima aliporudi kutoka Kigoma alikuta habari imeshakuwa hadithi ya mji. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaona uso wa Champaben, akaacha.

"Nifundishe," Champaben alisema. Lilikuwa neno dogo, lakini lilimchukua njia ndefu kufika mdomoni.

Wakaanza nywele ziliposhikika. Jambo la kwanza Mwanaima alilofanya ni kumnyang'anya kile kitana cha meno membamba na kukitupa paani. Akaleta chanuo la mti lenye meno mapana na bakuli la maji.

"Kavu usiguse kabisa. Maji kwanza, ndipo mafuta, ndipo chanuo. Na huanzi kwenye shina. Unaanzia nchani, unashika shina kwa mkono huu ili mtoto asisikie, unafungua kidogo kidogo ukipanda juu."

Champaben alifanya. Mkono wake ulikuwa na mazoea ya kuvuta, akawa anaupiga kofi mwenyewe kila ulipojisahau. Limi alikaa amekunja uso, anasubiri maumivu. Maumivu hayakuja. Mwishowe alisinzia, na Champaben aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona, mtoto yule amelala huku anachanwa. Ilimbidi ageuke upande, asije akalowesha kichwa kwa machozi.

"Sasa tazama," Mwanaima alisema. "Wewe unadhani hiki ni kichwa kimoja. Humu wanakaa watu watatu. Hapa kisogoni zimelegea, zina mawimbi tu, hizi zimetoka kwako. Hapa kwenye panja zinajizungusha, weka kidole uone, zinakuvisha pete. Na hapa utosini, kipilipili chenyewe, hiki ni cha Nkome. Kila mmoja anataka salamu yake. Wa kisogoni ukimpaka mafuta mengi analala doro. Wa utosini hata ukimmiminia chupa nzima, kesho ana kiu."

"Lakini za utosini ni fupi. Haziendi."

Mwanaima alichukua unywele mmoja wa utosini, uliolowa, akauvuta polepole. Ukaja, ukaja, ukawa mrefu mara tatu ya ulivyoonekana. Akauachia, ukaruka kurudi mahali pake. Champaben alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa amepima vitambaa, na alijua fika kwamba jora lililokunjwa halijapungua hata inchi. Kwenye kichwa cha mjukuu wake ndipo alipodanganyika. Akavuta unywele mwingine mwenyewe, akaachia, akacheka. Limi akaamka naye akataka kuvuta wake.

Mitindo ilikuja baadaye. Mwanaima alipotaja ule mtindo rahisi wa mistari ya kurudi nyuma, uitwao twende kilioni, Champaben alimkatiza.

"Huo hapana. Jina lake limeshatutosha nyumba hii."

Wakaanza na mabutu, kisha misuko ya uzi. Hapo fundi naye alikwama. Uzi uliokamata vizuri utosini uliteleza kisogoni, na ikifika jioni misuko ya nyuma ilikuwa imefunguka yenyewe. Mwanaima alisokota na kukaza, akawalaumu wenye kiwanda cha uzi. Champaben ndiye aliyeleta kamba laini ya pamba, aina anayofungia msuko wake mwenyewe, akaiingiza katikati ya nywele tangu mwanzo na kumalizia kwa fundo la kwao. Haikuteleza tena. Mwanaima alilichunguza fundo lile, akataka kuoneshwa mara ya pili, na wiki ile ile alilitumia kwa mke wa karani mwenye nywele laini kama zile.

Kitu kingine kilitokea ambacho Champaben hakukitegemea. Alianza kuona vichwa. Watu wa Geita walikuwa wamemletea vichwa vyao kaunta miaka yote hiyo, na yeye aliona mikono yao na mifuko yao tu. Sasa mwanamke akiingia kununua sukari, macho yake yalipanda juu. Huyu kipilipili cha kukaza, maji yatamsaidia. Huyu zinakatika panjani, anasuka mno kwa nguvu. Huyu amezichoma kwa chuma cha moto ili zinyooke, na Champaben alitaka kumshika mkono amwambie kwamba kuna bibi mmoja wa Kihindi alijaribu kuzigeuza za mtu kwa wembe na akazika mwanawe aliye hai. Mara nyingine alimwambia kweli. Wanawake walicheka, wakakaa kidogo, wakauliza habari ya maji na chanuo.

Pamba ilivunwa, ikauzwa. Siku Ng'wana Maige alipofika, Champaben alikuwa ameamka mapema, na mistari aliyoisuka ilikuwa imepinda, kwa sababu kila mara aligeuka kutazama barabara. Alitaka kuifumua aanze upya, lakini basi lilikuwa limeshapiga honi stendi.

"Mwadila, mayu," Ng'wana Maige alisalimia. Kapu lilikuwa mkononi.

"Mwadila. Karibu."

Mgeni hakutaka chai kwanza. Alikaa kwenye mkeka wa barazani, akamweka Limi mbele yake. Mwanaima aliacha kusuka. Mteja aliyekuwa mapajani mwake naye akageuza shingo. Ng'wana Maige alipitisha vidole kwenye kila mstari. Akabonyeza ngozi kuona kama mtoto atashtuka, Limi hakushtuka. Akafumua msuko mmoja wa utosini, akaulowesha kwa mate, akauvuta mpaka sikioni, akaachia, ukaruka. Akaenda kisogoni, akalikuta lile fundo, akalipindua huku na huku.

"Mistari imepinda," alisema.

"Imepinda," Champaben alikubali.

"Nani kasuka?"

"Mimi."

"Ba anasuka polepole," Limi alisema. "Mpaka unalala."

Ng'wana Maige aliusuka tena ule msuko aliofumua, akauacha ukiwa umenyooka kuliko mingine yote, maana na yeye alikuwa binadamu. Halafu alilisukuma lile kapu kando mpaka likagonga ukuta. Alijivuta juu ya mkeka, akageuka, akakaa chini mbele ya Champaben na kumpa mgongo. Alifungua kitambaa chake. Nywele zake zilikuwa nyeupe, zimekaza, za aina moja mbele na nyuma, na ilionekana hazijaguswa siku nyingi.

"Binti yangu ndiye alikuwa ananisuka," alisema akitazama barabarani. "Tangu aondoke nafunga kitambaa tu."

Champaben aliweka kiganja kwenye kichwa kile, akakisikiliza kwa vidole kama alivyofundishwa, akajua ni kikavu na kina kiu.

"Limi," aliita, "lete maji."

Limi akaleta bakuli, akiwa amelibeba kwa mikono miwili ili yasimwagike.